Bladifulu Lilitoka Wapi?

Kama uko jikoni na githeri iko motoni, funika sufuria usogee karibu na redio. Kama unarudi kutoka kituo cha majani chai na kikapu bado kiko mgongoni, tembea polepole, tutafika pamoja. Na kama umekaa na watoto, usiwafukuze. Leo tunazungumza juu ya matusi, lakini nitazungumza kwa namna ambayo mtoto anaweza kusikia, na kusema kweli nataka wasikie.

Naanza na swali. Umewahi kuitwa bladifulu?

Najua kuna aliyecheka hapo. Neno hili huku kwetu, Meru na Embu, nani asiyelijua? Mwalimu mkali alilitumia darasani. Baba alilitumia ng'ombe walipoingia kwenye mahindi na wewe uliyeachiwa kuwachunga ulikuwa unacheza. Makanga analirusha dirishani, linamfuata dereva wa lori aliyemziba njia. Na lina pacha wake, lile refu zaidi, linaloanza na bladi hiyo hiyo kisha likaendelea na fa... naomba niishie hapo. Mnalijua. Kanuni za utangazaji za nchi yetu zinazilinda saa za kuanzia 11 alfajiri hadi saa 4 usiku kwa ajili ya watoto, na mimi kanuni hiyo naipenda. Kwa hiyo leo nitamwita pacha tu.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza: maneno haya yalitoka wapi, na yalipandaje mlima hadi yakafika Maua na Kiritiri? La pili, ambalo kwangu ndilo zito: kwa nini tusi la Kiingereza tunalitoa mdomoni bila kuona haya, ilhali mwenzake wa Kimeru au wa Kiembu angetukwama kooni?

Tuanze na lile la kwanza. Bladifulu ni maneno mawili ya Kiingereza yaliyoshikana yalipofika kwetu. Lugha zetu hazipendi neno liishie kwa konsonanti, basi tukaliongezea irabu, tukaliunganisha, likawa letu.

Chukua nusu ya mwisho kwanza, fulu. Watu wengi wanajua kuwa maana yake ni mjinga. Lakini mizizi yake iko mbali sana. Katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, kulikuwa na neno follis, na maana yake ilikuwa mvukuto, ule mfuko wa ngozi ambao mhunzi hutumia kuvukutia moto. Baadaye Warumi wakaanza kulitumia kwa mtu aliyejaa upepo, mtu ambaye ukimfungua kichwa hukuti kitu. Kutoka kwa Warumi likaingia kwa Wafaransa. Na kutoka kwa Wafaransa likaingia kwa Waingereza. Sasa sikiliza vizuri hapa, msikilizaji wangu. Waingereza walilipataje? Mwaka 1066 walivamiwa na kutawaliwa na watu wa Normandy waliokuwa wakizungumza Kifaransa, na maneno mengi ya mabwana hao yakabaki midomoni mwa watawaliwa. Yaani aliyetuita fulu, babu zake nao walilipokea neno hilo kutoka kwa waliowatawala. Hilo huwa linanifikirisha sana.

Nusu ya kwanza ni bladi. Kwa maana ya moja kwa moja ni damu, au kitu chenye damu. Lakini ukimwita mtu bladifulu humaanishi kwamba anavuja damu, sivyo? Bladi hapo inaongeza ukali tu, kama sisi tunavyosema kabisa, au sana, au mno. Ilipataje kazi hiyo? Iko hadithi moja inayopendwa, kwamba hapo zamani Waingereza walikuwa wakiapa kwa Bikira Maria, kiapo kikasemwa haraka haraka hadi kikageuka neno hili. Ni hadithi tamu, na utaisikia hata kwa watu waliosoma. Wataalamu wa historia ya Kiingereza hawaikubali, kwa sababu katika maandishi ya mwanzo neno hilo halikai mahali pa kiapo. Linakaa mahali pa kuongeza ukali tu.

Maelezo yanayopewa uzito zaidi ni haya. Katika karne ya 17, vijana wa koo za kitajiri kule Uingereza walikuwa wakiitwa watu wa damu, kwa maana ya damu ya kifahari, damu ya ukoo mkubwa. Na vijana hao walikuwa maarufu kwa ulevi na fujo. Basi mtu akilewa kupindukia, ilisemwa amelewa kama wao. Taratibu likawa neno la kukolezea chochote kile. Jonathan Swift, aliyeandika kile kitabu cha safari za Gulliver, alikuwa kasisi, na bado alilitumia katika barua alipolalamikia joto la siku. Wakati huo halikuwa tusi la kumtoa mtu ukumbini.

Karne mbili baadaye mambo yalikuwa yamegeuka. Neno lilikuwa limeshuka kwa wachukuzi, mabaharia na askari, na watu waliojiona waungwana wakalikimbia. Magazeti yakawa yanaandika herufi ya kwanza na ya mwisho tu, katikati mstari. Aprili 1914, jijini London, mwigizaji aliyejulikana kama Mrs Patrick Campbell alilitamka jukwaani katika tamthilia ya George Bernard Shaw iitwayo Pygmalion, na likawa gumzo la mji mzima. Neno moja tu! Wakati huo huo, mbali na London, maofisa wa serikali ile ile walikuwa wakilitamka mbele ya wazee wa watu huku kwetu, na hakuna gazeti lililoshtuka.

Na pacha? Nipite haraka, kwa sababu yeye hahitaji maelezo mengi. Kuna uongo unaosambazwa kwa simu kwamba lile neno la Kiingereza la herufi nne lililomo ndani yake ni kifupisho, eti zamani watu walihitaji ruhusa ya mfalme ili walale pamoja, na kibao kikabandikwa mlangoni. Huo ni uongo. Usiutume tena. Neno hilo lina ndugu zake katika lugha za Uholanzi na Skandinavia, na ndugu hao maana zao za kale ni kupiga, kusukuma, kwenda mbele na nyuma. Mwanahistoria wa Uingereza, Paul Booth, alilikuta ndani ya jina la utani la mtu katika kumbukumbu za mahakama za Chester za mwaka 1310. Kwa hiyo lina umri mkubwa. Lakini lilifichwa. Kamusi maarufu ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 haikulitia, na kamusi kubwa ya Oxford ililikubali mwaka 1972 tu. Waingereza wenyewe, wenye lugha, walilifungia kwa muda mrefu nje ya kamusi zao kubwa. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Sasa tuje nyumbani. Yalipandaje mlima?

Mwaka 1906 Waingereza waliishambulia Embu kwa bunduki, kisha wakajenga boma lao. Meru ikafuata mwaka 1908, alipokuja Edward Horne, ambaye Wameru walimpa jina la Kangangi. Baada ya boma ikaja kodi, na baada ya kodi ikaja kazi ya lazima, kwa sababu kodi ilitaka fedha na fedha zilikuwa mikononi mwa Mzungu. Vijana wakashuka kwenda mashamba ya walowezi, wengine hapo hapo karibu, Timau na Nanyuki. Katika mashamba hayo ilizungumzwa lugha iliyokuja kuitwa Kisettla, Kiswahili cha amri: leta, ondoa, haraka, mbwa wewe. Mtu mzima mwenye mke na watoto aliitwa boi. Na pale Kiswahili cha bwana kilipomwishia, alirudi kwenye lugha ya mama yake, akatukana kwa Kiingereza.

Hata sisi tuliwapa neno moja. Shenzi, neno la Pwani walilokuwa wakiitwa watu wa bara, lilichukuliwa na walowezi likaingia kwenye Kiingereza chao cha Afrika Mashariki. Gari bovu ni shenzi, kazi mbaya ni shenzi, na mtu pia. Nalitaja ili mjue matusi hayana pasipoti, yanavuka pande zote mbili.

Halafu kulikuwa na jeshi. Katika Vita Kuu ya Kwanza wanaume wa pande hizi walichukuliwa kubeba mizigo, wale wa Kariokoo, na wengi hawakurudi. Katika ya Pili walivaa sare za King's African Rifles, wakafika hadi Burma. Sajenti wa Kiingereza hakuwa mtu wa Pygmalion. Aliwafunza gwaride kwa yale maneno mawili asubuhi na jioni, na waliorudi nyumbani na medali walirudi nayo pia.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952. Wakikuyu, Waembu na Wameru waliandikwa kundi moja, wakasukumwa kwenye vijiji vyenye mitaro na miti iliyochongwa, na maelfu wakapelekwa kambini. Kambi za Mwea wakati huo zilikuwa ndani ya Wilaya ya Embu. Mchele wa pishori unaokula sikukuu, mifereji ya kwanza ya mashamba yake ilichimbwa kwa mikono ya wafungwa hao. Amri ilitoka kwa ofisa Mzungu, ikapita kwa mlinzi Mwafrika, ikamfikia mfungwa. Matusi yalipita njia hiyo hiyo.

Hapa ndipo ninapotaka ukae nami kidogo. Bladifulu lilikuwa neno la njia moja. Lilishuka. Halikupanda hata siku moja. Hakuna mfanyakazi wa shamba la Timau aliyeweza kumwambia bwana shamba bladifulu akalala kwake usiku huo. Neno lilikuwa sehemu ya kazi ya kiboko: kiboko kilipiga mgongo, neno likapiga jina la mtu. Na Uhuru ulipokuja mwaka 1963, kiti cha bwana kilipata mtu mwingine wa kukikalia. Chifu, mwalimu mkuu, sajenti, msimamizi wa kiwanda. Waliokuwa wametukanwa walipanda ngazi, na wengi wao, naamini bila kufikiri, walichukua hata ile sauti ya aliyewatangulia. Ndiyo maana mpaka leo, ukitaka kusikia bladifulu safi, lenye herufi zake zote, mtafute mtu mwenye cheo anayezungumza na mtu asiye na cheo. Utalisikia kwa mzazi akimwambia mtoto. Utalisikia kwa mwenye duka akimwambia kijana wa kubeba mizigo. Je, umewahi kumsikia kijana wa mizigo akimwambia mwenye duka? Mara ngapi?

Basi ndipo linapokuja swali langu la pili. Kwa nini halituchomi mdomo?

Nitakupa mfano. Nilipanda matatu Embu stejini, tukipandisha barabara ya Runyenjes kuelekea Meru. Mbele yangu alikaa mama mmoja, amevaa kitambaa cha Woman's Guild, umoja wa kina mama wa kanisa, na mjukuu wake mapajani, msichana wa kama miaka minne. Wimbo wa Kimarekani ulikuwa unalia, na pacha wetu alikuwa ndani ya wimbo huo, kila baada ya mistari miwili yuko. Mtoto alikuwa anaimba pamoja na redio! Anatamka vizuri kuliko mimi. Bibi yake anatikisa goti kumsaidia kufuata mdundo, anatabasamu, anafurahi kwamba mtoto anajua Kiingereza. Abiria wengine kimya. Tulipofika karibu na Chuka, makanga akamtania abiria mmoja kwa Kimeru, neno dogo tu la mambo ya mwilini, wala halikuwa kali. Mama yule akageuka mzima mzima kwenye kiti chake. Alimkemea kijana yule mpaka akashusha macho. "Huoni kuna mtoto hapa?"

Simlaumu hata kidogo. Masikio yake yalifanya kazi sawasawa katika lugha yake. Katika lugha ya wimbo, yalikuwa yamelala.

Na jambo hili limepimwa. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Catherine Harris wa Chuo Kikuu cha Boston, kule Marekani, walichapisha utafiti juu ya watu ambao lugha yao ya kwanza ni Kituruki na Kiingereza walijifunza baadaye. Waliwasikilizisha matusi na makaripio katika lugha zote mbili, huku wamewawekea vifaa kwenye vidole vya kupima jinsi ngozi inavyotoa jasho mtu anaposhtuka. Matusi ya Kituruki yaliushtua mwili zaidi ya yale ya Kiingereza. Na tofauti kubwa zaidi ilionekana kwenye yale makaripio ya utotoni, yale ambayo mama anamwambia mtoto aliyekosea. Kwa Kituruki mwili uliruka. Kwa Kiingereza ulitulia. Mwili unaikumbuka lugha uliyokaripiwa nayo ukiwa mdogo.

Umeona sasa? Tusi la lugha ya pili ni jepesi kwa anayelisema. Narudia: ni jepesi kwa anayelisema.

Mfano mwingine ni wa nyimbo. Mwaka 2019 kundi la Sailors lilipotoa wimbo wa Wamlambez, wenye maneno ya chumbani kwa Sheng, nchi nzima ilisimama. Bodi ya kuainisha filamu, chini ya Ezekiel Mutua, ilisema wimbo ule ubaki kwenye vilabu vya usiku, na kwenye makanisa yetu ulihubiriwa Jumapili kadhaa. Sina ugomvi na waliokasirika. Lakini mwaka ule ule, na miaka kumi kabla yake, nyimbo za kigeni zenye maneno mabaya kuliko yale zilikuwa zikipigwa kwenye harusi zetu, bwana harusi anaingia nazo ukumbini, mchungaji ameketi meza ya mbele anapiga makofi. Hakuna aliyesimama. Kwa nini? Kwa sababu Wamlambez tulilisikia na masikio yaliyo macho.

Na mtu asiniambie kwamba huko nyuma sisi hatukuwa na matusi. Tulikuwa nayo, tena makali. Nyimbo za jando, Embu na Meru, zilikuwa na maneno ambayo siku nyingine yoyote yangemtia mtu mashakani. Msimu wa jando uliyaruhusu. Vijana wakayaimba, kina mama wakayaimba, na msimu ulipoisha yakarudishwa yalikotoka. Nje ya msimu, kuwataja wazazi wa mtu kwa viungo vyao vya siri kulikuwa mugiro, yaani mwiko. Hukutatua jambo hilo kwa kusema pole. Wazee walikaa, mbuzi akatoka, mahali pengine na asali juu yake, na huko Meru kesi iliyoshindikana nyumbani ingeweza kupanda mpaka ikafika Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee. Wazee wetu walijua jambo ambalo Waingereza nao walilijua walipomfungia pacha nje ya kamusi zao: neno chafu lina mahali pake na wakati wake, na likivunja ua wake, kuna anayelipa.

Bladifulu lilipokuja halikuwa na ua. Halikuwa na msimu, halikuwa na rika, halikuwa na mbuzi. Mzee wa baraza asingeweza kumtoza mtu faini kwa neno ambalo D.C. alilitumia asubuhi hiyo hiyo. Kwa hiyo likazurura. Na linazurura mpaka leo.

Mwenyewe nimeliona linazurura hata kwa maandishi. Soko la Gakoromone, Meru, siku ya soko. Mzee mmoja, naweza kusema wa miaka zaidi ya 70, kofia mkononi, kama anayetoka kuona daktari. Koti la kijivu, limepigwa pasi. Ndani ya koti amevaa fulana nyeupe ya mitumba, safi kabisa, na kifuani herufi nyeusi kubwa kama kiganja: neno lile la herufi nne na neno jingine baada yake, amri kwa kila anayesoma. Wasichana wawili wenye sare za shule walikuwa wamesimama karibu na wauza ndizi, wamejiziba midomo, mabega yanatikisika. Mzee akawaona wanacheka, akawatabasamia. Alidhani wanamsalimu.

Nilimsogelea nikamsalimu, nikamwambia, "Mzee wangu, naomba nikuambie jambo kando kidogo." Nikamweleza kwa sauti ya chini. Alinyamaza. Akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, mpaka cha juu kabisa, na jua lilikuwa kali. Akaniuliza, "Mwanangu, na hao waliotuletea, walikuwa hawajui kusoma?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Lakini ninyi mnaofungua marobota ya mitumba Gakoromone, Embu mjini, Ishiara, Maua, nawaomba jambo moja. Ninyi mnasoma. Kijana wako wa kibanda anasoma. Mkikuta nguo ya namna ile msimwuzie mzee au mama asiyejua kilichoandikwa. Kateni vitambaa vya kufutia magari. Shilingi 50 mtakazopoteza si kitu mbele ya heshima ya mzee yule.

Wengine mtaniuliza, je, sheria inasema nini? Inasema, na inasema wazi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 94, inamgusa mtu anayetumia maneno ya vitisho au ya matusi hadharani kwa namna inayoweza kuvunja amani, na adhabu yake inaweza kuwa kifungo kisichozidi miezi 6. Kifungu cha 95 nacho kinahusu kuzua fujo, na muda wa kifungo ni ule ule. Mahakama za Runyenjes, Siakago, Nkubu na Maua si wageni wa kesi hizi, na nyingi zinaanzia kwenye mpaka wa shamba, kwenye deni dogo, au kwenye baa. Na sheria haiulizi ulitukana kwa lugha gani. Mtu akikushtaki, huwezi kumwambia hakimu kwamba lilikuwa la Kiingereza tu.

Lakini sheria inaishia mlangoni, na bladifulu letu kubwa liko ndani ya nyumba. Kwa hiyo nirudi kwa yule mtoto wa matatu.

Nilisema tusi la lugha ya pili ni jepesi kwa anayelisema. Sasa fikiria anayelipokea. Mimi na wewe, Kiingereza tulikikuta shuleni. Mtoto anayekulia leo Majengo, au Makutano, au Dallas pale Embu, au kwenye nyumba za kupanga karibu na chuo kikuu, Kiingereza na Sheng ndizo lugha anazoamka nazo. Katuni anazitazama kwa Kiingereza, mwalimu wa chekechea anamkaripia kwa Kiingereza, na Kimeru au Kiembu anakisikia akienda kwa shosho Desemba. Kwa mtoto huyo Kiingereza ndiyo lugha ya mwili. Ukimwita bladifulu, hasikii kile ulichokisikia wewe ulipoitwa na baba yako. Wewe ulisikia kelele ya kigeni, ukacheka ukiwa mbali. Yeye anasikia maneno yote mawili, kila moja na maana yake. Sisi tunalirusha likiwa jepesi, mtoto analipokea likiwa zito.

Hilo ndilo nililotaka kusema leo, na nalirudia kwa aliyekuwa ametoka kufunga mbuzi: sisi tunalirusha likiwa jepesi, mtoto analipokea likiwa zito.

Najua kuna baba anayesema, mimi niliitwa hivyo shuleni na nikawa mtu. Ndiyo, baba, ukawa mtu. Lakini nikuulize kwa heshima: unamkumbuka mwalimu aliyekuita hivyo? Unalikumbuka jina lake? Unakumbuka ulikuwa umekosea nini? Nimeuliza watu wengi swali hili. Jina la mwalimu wanalikumbuka. Neno wanalikumbuka. Kosa walilofanya, hilo somo ambalo neno lilidaiwa kulifundisha, karibu wote wamelisahau.

Na kuna mama anayesema, basi nikasirike kwa neno gani? Mtoto amemwaga unga wote, nimwambie asante? Hapana, mama. Kasirika. Lakini kasirika kwa lugha ambayo wewe mwenyewe inakuchoma, maana ikikuchoma utapima maneno. Bibi zetu walijua kukaripia mpaka mtoto akatamani kuingia chini ya kitanda, na katika maneno yao yote hakuna moja lililomfanya mtoto kuwa mfuko wa upepo. Walimwuliza, wewe ni mtoto wa nani? Swali hilo tu. Lilimtikisa, kisha likamrudisha nyumbani.

Walimu wangu wapenzi, ninyi nawaomba zaidi ya wote, kwa sababu darasani sauti moja inasikiwa na watoto 50. Aliyelileta neno hili alilileta pamoja na kiboko. Kiboko tumekipiga marufuku shuleni kwa sheria, tangu mwaka 2001. Neno tumeliacha limekaa kwenye kiti chake.

Muda wetu unaelekea ukingoni, lakini sijawageukia wazee. Wazee mliofanya kazi kwenye mashamba ya Timau, mliovaa sare za jeshi, mliozaliwa kwenye vijiji vile vya mitaro au ambao baba zenu walichimba mifereji ya Mwea, bado mko, na hamtakuwepo siku zote. Jioni hii, baada ya chakula, mwiteni mjukuu mmoja akae karibu. Mwambieni aliyewaita bladifulu alikuwa nani, ilikuwa wapi, na mlikuwa mmebeba nini mikononi siku hiyo. Ninyi wajukuu, chukueni simu zenu mrekodi. Kisha tuleteeni hapa kituoni. Tutazisikiliza sauti hizo pamoja juma lijalo, saa kama hii.